Magunia Peke Yake Hayatoshi

Mkoa wa Rukwa ni ghala la Taifa. Malori hupakia mahindi Sumbawanga na kuteremka nayo kutoka nyanda za juu za Ufipa kwenda kulisha mikoa mingine. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa mkoa huo walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala hakui.

Udumavu huo haukuletwa na hewa. Umeletwa na ugali usio na kitoweo cha kutosha, maradhi ya mara kwa mara na kazi zinazowaelemea kina mama. Lakini hewa yaweza kuuzidisha. Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza matokeo ya majaribio ya mashambani: kiwango hicho kikifikia kama 550, ngano hupungukiwa madini ya zinki kwa asilimia 9 na ya chuma kwa asilimia 5. Mpunga na jamii ya kunde nayo hupungukiwa. Mahindi na mtama hudhurika kwa kiasi kidogo.

Hapo ndipo penye hatari. Maharage, yanayotegemewa kuziba upungufu wa ugali, ni ya jamii hiyo ya kunde. Dagaa wa Ziwa Tanganyika nao wamo mashakani, kwa kuwa maji yakizidi joto juu, virutubisho vya kilindini havipandi kuwalisha.

Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba habari hii ni ya bara tu. Mchele wake, uwe wa Cheju au wa ng'ambo, umo katika hesabu ile ile.

Si Ufipa wala Visiwani palipochafua anga, na haki yataka waliochafua wagharamie. Lakini hatuwezi kungoja. Tunashauri kwamba hesabu ya mavuno isikomee kwenye magunia. Watafiti wa Uyole na wenzao wapime chuma na zinki katika mbegu za maharage kabla ya kuzieneza. Mabwana na mabibi shamba wahimize ulezi, chakula cha asili cha Wafipa, pamoja na bustani za mboga. Bajeti za halmashauri ndizo zitakazoonyesha kama viongozi wamesikia.