Ngoja Mpaka Lini?

Wasee, leo tuongee kuhusu neno moja tu: mpaka.

Unalitumia kila siku bila kufikiria. "Ningoje mpaka saa kumi." Hapo ni kikomo cha wakati. "Tumefika mpaka wa Malaba." Hapo ni kikomo cha nchi. Halafu kuna ile ya mtaani: "Walikuja wote, mpaka shosho." Hapo maana yake ni hata shosho amehesabiwa, ni wetu.

Sasa cheki ndugu yake: kupakana. Hiyo -ana ya mwisho ndiyo ile ya kusalimiana na kupendana. Lazima muwe wawili. Kenya haiwezi kupakana peke yake.

Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso pia, na mstari ulichorwa watu wakiwa tayari wanaishi hapo. Tena ukahamishwa. Kisumu na Naivasha zilikuwa chini ya Uganda mpaka 1902. Mwaka huo Waingereza walisukuma mstari, na watu wakabadilishiwa nchi bila kutoka shambani kwao.

Nilipofika miaka 18 nikaenda kuomba kitambulisho. Nikabeba cha baba na cha mama. Nikaambiwa, "Leta cha babu." Nikaleta. Nikaulizwa, "Kwani wewe si Mganda?" Kila nikirudi: ngoja mpaka wiki ijayo. Bila kitambulisho, mkopo wa masomo nao ukakwama. Mihula miwili nilijilipia kwa kuuza mitumba. Wa tatu ukanishinda, nikaacha chuo. Watu huniambia niliacha sababu ya kamera. Kamera ilikuja baadaye.

Sisemi serikali isikague karatasi. Kuna watu hughushi, tunajua. Lakini kijana wa Busia aulizwe maswali yale yale anayoulizwa kijana wa Buruburu. Na kama kuna shaka, aandikiwe ni shaka gani, na atapewa jibu tarehe ngapi.

Kama ofisi inajua kulinda mpaka wa nchi, basi iweke pia mpaka wa kungoja.

Wewe uliambiwa ulete cha nani?