Kicheko chetu kilimpeleka kwenye sindano



Leo tunataka kuongea jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kuongea: sindano za urembo kwenye macho. Tunajua wengine mtaanza kucheka kabla ya kufika mwisho. Hicho kicheko chenyewe njo tunataka kukizungumzia.

Mwenzetu mmoja anaishi hapa Gahanga, karibu na barabara inayoshuka kwenda Nyabarongo na Bugesera. Hatutaji jina lake, na yeye ametupa ruhusa ya kusimulia. Ana miaka 27. Usiku analinda nyumba zinazojengwa, mchana anabeba mizigo sokoni. Analala saa tatu au nne, siku zingine hata hizo hazipati. Basi uso ukachoka. Chini ya macho kulikuwa na vifuko, na akicheka mikunjo inajaa kwenye kona za macho. Sisi tukampa jina: "Mzee." Akifika kwenye mkutano wa kikundi, mmoja anasimama: "Jamani, mpisheni babu akae." Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Tulidhani anafurahi.

Mwezi mmoja akapata habari njema: kaitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini. Akajiangalia kwenye simu. Akatuuliza, "Hivi kweli ninaonekana mzee?" Tukamjibu, "Kaka, wewe watakupa pensheni, si kazi." Tukacheka sana.

Siku chache baadaye, mtu kwenye saluni moja akamwambia kuna dawa ya kuondoa uchovu wa macho. "Vitamini," akasema. Dakika kumi tu, faranga 45,000. Akapelekwa chumba cha nyuma. Hakuonyeshwa chupa, hakuulizwa kama ana ugonjwa, hakupewa karatasi yoyote. Akalipa akiba yake yote, akadungwa pembeni na chini ya macho yote mawili.

Siku ya nne, kope ya juu ya jicho la kulia ikashuka. Ikakataa kupanda. Akanunua miwani ya jua, akawa anaivaa hata usiku. Na sisi tukafanya nini? Tukampa jina jipya: "Staa." Siku ya usaili hakwenda. Siku ya tisa tangu adungwe, moto ilikaribia kumgonga akivuka barabara, juu upande mmoja alikuwa haoni vizuri. Njo akatoa miwani mbele yetu. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Tulimsindikiza kituo cha afya. Nesi akamtuma hospitali ya wilaya. Daktari alisema inaonekana alidungwa dawa ya kulegeza misuli, na kwamba kope itarudi dawa ikiisha nguvu mwilini. Ilirudi, lakini baada ya karibu miezi miwili. Kazi ile alishapewa mwingine.

Tumejifunza mambo kutokana na hilo, na tunataka nanyi myajue.

Sindano hizi za macho ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza watu wanaiita Botox. Ndani yake kuna sumu ya bakteria, sumu ile ile ambayo ikiwa kwenye chakula kilichoharibika inaweza kumpooza mtu. Kwa kipimo kidogo sana inalegeza msuli, na ngozi iliyo juu yake inalainika. Haikuanza kama urembo. Marekani iliikubali mwaka 1989 kwa wagonjwa wa makengeza na wale ambao kope zao zinakaza zenyewe bila wao kutaka. Urembo ulikuja baadaye: mwaka 2002 kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, mwaka 2013 kwa mikunjo ya kona za macho. Inadumu kama miezi mitatu hadi minne, halafu unaanza upya, na unalipa upya. Ikiingia pasipotakiwa, au kipimo kikizidi, kope inashuka kama ya mwenzetu.

Aina ya pili ni fila, aina ya jeli inayojaza mashimo chini ya macho. Hii inatutisha zaidi. Karibu na jicho kuna mishipa midogo ya damu inayoungana na mishipa ya jicho lenyewe. Jeli ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuziba damu, na mtu akapofuka kwa dakika chache. Ni mara chache, lakini imetokea hata mikononi mwa madaktari, na mara nyingi jicho halirudi. Daktari wa kweli anaijua ramani ya mishipa hiyo, na anaweka karibu dawa ya kuyeyusha jeli hiyo. Mtu wa chumba cha nyuma anaweka nini karibu? Simu ya kupokelea pesa.

Na msidhani udanganyifu huu uko kwetu maskini tu. Mwaka 2024 huko Marekani, watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kuumwa baada ya kudungwa Botox bandia au na watu wasio na leseni, na baadhi walilazwa hospitali. Kama wenye hospitali kubwa wanadanganywa, sisi tutapona kwa kitu gani?

Sasa tuseme maoni yetu, na tunajua hamtakubali wote.

Kuna wanaosema, "Hayo ni mambo ya wanawake, mwanaume anatafuta nini huko?" Tunawajibu: mwanaume naye ana uso. Anaombea kazi uso huo huo, anaposea uso huo huo. Kinyozi anatuchonga ndevu kila wiki na hakuna anayeuliza. Kutaka kuonekana vizuri hakumpunguzii mtu uanaume.

Wengine wanasema, "Pesa yake, uso wake, tumwache." Hapo pia tunakataa. Kama tungemwacha kweli tangu mwanzo, bila kumwita babu, huenda asingefika kwenye kile chumba. Na kama asingeogopa kicheko chetu, asingekaa siku tisa na kope iliyolala kabla ya kuomba msaada. Aliyemdunga ana kosa lake, na ni kubwa. Lakini njia ya kwenda kwake sisi tulisaidia kuisafisha.

Aibu njo inawalisha watu wa vyumba vya nyuma. Angalieni mukorogo. Serikali ya Rwanda ilipiga marufuku mafuta ya kuchubua yenye haidrokwinoni na zebaki, na tangu mwisho wa 2018 mpaka 2019 yalikamatwa madukani kwa wingi. Ilikuwa sawa, na tunaunga mkono. Lakini sisi wote tunajua vijana, wavulana kwa wasichana, ambao bado wanayapaka kwa siri. Kwa nini? Kwa sababu duka unaweza kulikagua, lakini maneno ya "wewe mweusi kama sufuria" yanaendelea kusemwa bure kila siku. Na mwenye kupaka kwa siri, ngozi ikiungua, anaungua kwa siri. Kwenye jicho ni mbaya zaidi, maana jicho halikusubiri.

Tena kuna uongo mmoja tunataka kuukata. Baadhi yetu tunajitolea kambini, na huko tumesikia vijana wakisema ukiingia kwenye mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu ukiwa na uso wa uchovu, utakataliwa. Si kweli. UNHCR inaangalia hatari uliyo nayo na mahitaji yako ya ulinzi. Haipimi uzuri. Isitoshe, sisi wakimbizi macho yetu ni kitambulisho: wakati wa uhakiki mashine inapiga picha ya jicho na alama za vidole. Mtu ambaye jicho lake ni kitambulisho chake alichezee kwa faranga 45,000?

Hatusemi sindano yenyewe ni dhambi. Mwenye pesa akienda kwa daktari wa ngozi au wa macho mwenye leseni, akaonyeshwa chupa, akaelezwa hatari, hilo ni lake. Sisi wengi hatuna pesa hiyo, na hapo njo mtego ulipo: tunachoweza kulipa ni kile cha uongo. Basi tukubaliane hivi. Kama hujaonyeshwa chupa na jina la dawa, usikubali. Kama anayedunga hawezi kukuonyesha leseni, inuka uondoke. Kama amekuambia ni "vitamini ya macho", inuka haraka zaidi.

Na kabla ya yote hayo, nenda kituo cha afya. Kati ya 2012 na 2017 Wizara ya Afya na shirika la Vision for a Nation walifundisha wauguzi zaidi ya 2,000 kupima macho katika vituo vya afya vya nchi nzima. Na mwaka 2019 sisi wakimbizi wa mjini tulianza kuandikishwa kwenye mituweli. Vifuko vya macho vinaweza kutoka kwa usingizi, kwa mzio unaokufanya usugue macho, kwa chumvi nyingi, kwa umri, au umevirithi tu kwa baba yako. Wakati mwingine ni figo, na uso ukivimba kila asubuhi usikae nyumbani. Hakuna sindano ya saluni itakayokuambia hayo.

Kwa mwenzetu, ugonjwa ulikuwa kazi mbili na usingizi wa saa tatu. Hilo sisi tulikuwa tunalijua kabisa. Hatukuwahi kumuuliza, "Kaka, unalala saa ngapi?" Tulikuwa na jina la utani, swali hatukuwa nalo.

Sasa tumepanga zamu. Watatu kati yetu tunamsaidia kubeba mizigo sokoni siku za soko kubwa, ili apate kulala mchana. Macho yake bado yana vifuko, msidhani tumefanya muujiza. Lakini kwenye mkutano uliopita alikuja bila miwani, akakaa mbele, na tulimwita kwa jina lake.

Kila mmoja wetu ana "Mzee" wake hapa kikundini, au "Kipofu", au "Sufuria". Wiki hii, kabla ya kumcheka, muulizeni kwanza amelala vipi.