Neno la Mhariri: Damu Imejaa, Ufizi Mtupu

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu kinga ya mwili na ugonjwa wa fizi, makala zimemiminika, na nyingi zinauliza swali lile lile: neutrofili inalinda ufizi au ndiyo inayouharibu? Waandishi wamegawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Upande mmoja unatuonesha vimeng'enya vinavyomwagwa na seli hizi, MMP-8 ikiongoza, vikikata kolajeni inayolishikilia jino. Upande wa pili unatuonesha watoto waliozaliwa na upungufu wa neutrofili, ambao meno hulegea hata darasa la kwanza hawajalifika. Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana swali lenyewe limenichosha. Limeulizwa vibaya, na tiba tunazozijenga juu yake zinakuwa za kubahatisha.

Chukua ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao LAD-1. Kasoro iko kwenye jeni ya protini CD18, na bila protini hiyo neutrofili haiwezi kunata kwenye ukuta wa mshipa wa damu ili ipenye kuingia kwenye tishu. Mtu mwenye afya hupitisha takriban neutrofili 30,000 kila dakika kutoka kwenye fizi kuingia kinywani, hata akiwa amelala. Kwa mgonjwa wa LAD-1 njia hiyo imefungwa. Pima damu yake, neutrofili zimefurika. Weka kipande cha ufizi wake chini ya hadubini, utazitafuta. Na huyu ndiye ambaye mfupa wa taya unamomonyoka angali mtoto. Vitabu tulivyosomea vilikuwa na jibu jepesi: mlinzi hayupo, bakteria wamejiachia. Kilichokuwa kinasumbua ni kwamba antibaiotiki zilitolewa, meno yakasafishwa na kusafishwa tena, na mfupa ukaendelea kupungua.

Mwaka 2014 Niki Moutsopoulos, George Hajishengallis na wenzao walilipindua jibu hilo. Bakteria waliwakuta kwenye uso wa jino. Ndani ya tishu hawakuvamia. Ndani kulikuwa na intalukini 17 nyingi kupita kiasi. Kwa kawaida neutrofili ikishafika kwenye tishu na kumaliza kazi yake hufa, na makrofaji huila. Kule kuliwa ndiko kunakoifanya makrofaji ipunguze intalukini 23. Zisipofika, hakuna cha kuliwa, intalukini 23 inabaki juu, inachochea intalukini 17, na hiyo inaagiza neutrofili zaidi kutoka kwenye uboho, ambazo nazo hazitafika, huku ikiziamsha seli zinazokula mfupa. Mwaka 2017 wakaripoti habari za kijana wa miaka 19 aliyepewa ustekinumab, dawa ya soriasisi inayozuia intalukini 12 na 23. Mchochota wa fizi zake ukatulia, na kidonda cha chini ya mgongo kilichokuwa kimegoma kupona kikafunga. CD18 yake haikurekebishwa, wala neutrofili zake hazikujifunza kupenya.

Ni mgonjwa mmoja, najua. Mhakiki wetu mmoja amenikumbusha hilo kwa herufi kubwa. Lakini mgonjwa huyo anatosha kuonesha kwamba kazi ya neutrofili haiishii kwenye kumeza bakteria. Kifo chake ni taarifa kwamba wito umeitikiwa na sasa ukome. Basi tuache kuhesabu ni ngapi zimo kwenye ufizi, tuulize zimefikaje, zinakaa muda gani, na nani anaziondoa. Ufizi uliojaa neutrofili zisizoondolewa, na ufizi usiofikiwa na hata moja, zote mbili zinaishia kwenye mfupa ulioliwa.

Hapa ndipo ninapogombana na nusu ya wenzangu wa kliniki. Tumemzoesha mgonjwa kuamini kwamba mfupa wake umekwenda kwa sababu ya uchafu wake. Ukoga unaleta mchochota, hilo Harald Löe na wenzake walilithibitisha mwaka 1965 kwa vijana walioacha kupiga mswaki kwa wiki 3 tu. Ila kutoka kwenye ufizi unaotoka damu hadi kwenye jino linalocheza kuna safari, na wengi hawaimalizi. Wanafunzi wetu wanakariri wafanyakazi wa mashamba ya chai wa Sri Lanka, matokeo ya mwaka 1986: wanaume 480 wasiotumia mswaki, ukoga tele, lakini asilimia 8 ndio walioharibika kwa kasi na asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa ufizi. Waulize sasa kuhusu Tanzania. Mwaka huo huo wa 1986 Baelum, Fejerskov na Karring walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa hapa, na mwaka 1988 Baelum na Fejerskov, safari hii pamoja na Manji, wakachapisha wa Machakos, Kenya. Ukoga na ugaga ulikuwa kila mahali, uharibifu mkubwa ulikuwa wa wachache. Midomo ni yetu, na darasani inatajwa ya Sri Lanka.

Sisemi mswaki utupwe. Nasema kumgombeza mgonjwa si uchunguzi.

Katika toleo hili, makala ya kisukari imeandikwa vizuri na haitamshangaza yeyote anayepima sukari kabla ya kung'oa jino. Inayopigia debe doksisaiklini ya miligramu 20 inasahau kwamba ukizuia MMP-8 umezuia mkasi, aliyeushika bado yupo. Ile ya fibrini, protini ya damu kuganda inayoziamsha neutrofili inapolundikana kwenye ufizi, ni ngumu kusoma na ndiyo ningeanza nayo. Na mwandishi aliyetumia kurasa 6 kufananisha kinga na jeshi, tumemchapisha kurasa 2.

Nina ombi moja ambalo si la kisayansi sana. Mtoto anapoletwa na meno yanayocheza kabla ya wakati wake, mara nyingi anaondoka na antibaiotiki na onyo kuhusu pipi. Mwulize mama kitovu kilidondoka lini. Kwenye LAD-1 kali huweza kukaa zaidi ya wiki 3, na bibi aliyekuwa akimwogesha mtoto atalikumbuka hilo kuliko kadi ya kliniki. Mwulize kama vidonda vya mtoto hutunga usaha, maana usaha ni neutrofili, na hapa hautungi. Kisha agiza hesabu ya chembe nyeupe, ionyeshe kila aina peke yake. Ikija ya kawaida usiridhike haraka: kuna watoto ambao neutrofili zao hushuka na kupanda kwa mzunguko wa takriban siku 21, na ukipima siku zimepanda utamrudisha nyumbani akiwa na ugonjwa wake. Hao hupimwa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 6. Ripoti ya mtoto wa namna hii itakayotufikia kuanzia toleo lijalo bila hesabu hiyo, nitairudisha bila kuipeleka kwa wahakiki.