Kilima Kilichoupa Mji Jina Lake

Wako watu wasemao ya kuwa jina ni neno tu, na ya kuwa mahali pakibadilishwa jina hapapungukiwi na kitu. Mimi sikubali. Sababu yangu nitawaeleza kwa habari za kilima kimoja kidogo kilichomo katika mji wa Kampala, nchi ya Uganda.

Mji huo umejengwa juu ya vilima vingi, na baadhi yake vina sifa kubwa. Mengo pana jumba la Kabaka wa Buganda. Rubaga na Namirembe pana makanisa makuu. Makerere pana chuo kikuu. Kati ya hivyo kipo kilima kiitwacho siku hizi Kampala ya Kale. Si kirefu, lakini ndicho kilichoupa mji mzima jina lake.

Wazee wa Buganda husimulia ya kuwa zamani swala wa Kabaka walikuwa wakilisha huko, wale tuwaitao swalapala. Kwa hiyo Waganda wakapaita mahali pale Akasozi k'empala, maana yake kilima cha swalapala. Angalieni jinsi lugha zetu zilivyo ndugu. Sisi twasema mlima, na ukiwa mdogo twasema kilima. Waganda husema olusozi, na ukiwa mdogo husema akasozi. Hata neno empala, mwenye kusikiliza vizuri atalisikia ndani ya swalapala.

Basi, mwezi wa Desemba mwaka 1890 alifika Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Alikichagua kilima kile kwa kuwa kilielekea Mengo, alikokaa Kabaka Mwanga. Akajenga ngome juu yake, akatweka bendera ya Kampuni. Mwaka 1893 bendera hiyo ilishushwa, ikatwekwa ya Uingereza. Nayo ikashushwa mwezi wa Oktoba mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru. Ngome ya kwanza haipo tena; ilibomolewa ili kupisha ujenzi wa msikiti mkubwa wa taifa, ikajengwa nyingine ya mfano wake karibu na pale.

Je, katika hayo yote ni kitu gani kilichodumu? Si bendera, wala si ngome. Swala nao walikwisha toweka, nyumba zikajaa mahali pa majani. Kilichodumu ni jina. Tena lilikua pamoja na mji, likaenea vilima vyote, hata kilima chenyewe kikaongezewa maneno "ya Kale" ili kisipotee ndani ya jina lake mwenyewe!

Huenda mtu akauliza, "Ikiwa swala hawapo, jina lao lamfaa nani?" Namjibu ya kuwa lafaa kwa sababu hiyo hiyo. Kama kilima kile kingaliitwa kwa jina la mwenye ngome, ni nani leo angalikumbuka ya kuwa palikuwa na majani na wanyama kabla ya bunduki? Mgeni alileta ngome, lakini mwenyeji ndiye aliyetoa jina, na neno la mwenyeji limeishi kupita mawe ya mgeni.

Sisemi ya kuwa majina mapya yote ni mabaya. Barabara mpya au shule mpya yastahili jina jipya, na ni vema kuwaheshimu watu waliotenda mema. Lakini jina la kale likifutwa, hufutwa pamoja na habari ambayo pengine haikuandikwa popote.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, mrudipo nyumbani waulizeni babu na bibi zenu: kijito hiki kwa nini chaitwa hivi? Mtaa huu ulipewa na nani jina lake? Yaandikeni majibu yao katika madaftari yenu, maana wazee hawatakuwapo siku zote.