Heshima ya Kufa si ya Mwenye Bunduki Peke Yake



Ndugu wapendwa, katika mwezi huu wa Novemba, Mama Kanisa anapotualika kuwaombea marehemu, tumesikia tena usemi unaopendwa na vijana wetu: kwamba komando haogopi kifo, na kwamba kufa vitani kunapita vifo vyote kwa heshima. Sisi hatukubaliani na usemi huo.

Hatusemi hivyo kwa kuwadharau askari. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 79, unafundisha kuwa askari atimizaye vema wajibu wake ni mtumishi wa usalama na uhuru wa watu. Vijana wa JWTZ waliouawa Semuliki, mashariki ya Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, walikuwa wakilinda amani ya watu wasio wa nchi yao. Tunawaombea kwa heshima. Lakini heshima hiyo yatoka wapi? Si katika kutoogopa kifo, maana hata jambazi aweza kutokiogopa. Yatoka kwa wale ambao kwa ajili yao walijitoa.

Tuutazame mji wetu. Tangu mwaka 1927 Sanamu ya Askari imesimama katika barabara ya Samora, singe ikielekea bandarini. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, na kuahidi kuwa wana wa waliokufa watayakumbuka majina yao. Hata hivyo, sanamu yenyewe ni ya askari. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi, katika vita ya 1914 hadi 1918. Wameachiwa nini? Neno Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, yaani jina la kikosi, si la mtu hata mmoja. Twauza na kununua mahali palipokuwa kambi yao, wala hatuwaombei.

Na ghorofa lilipoporomoka hapahapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, likaua watu zaidi ya 20, ni akina nani walioingia kwenye kifusi? Walikuwamo askari, ndiyo. Walikuwamo pia raia wasio na cheo wala sare. Nani atawachongea sanamu?

Bwana wetu hakujivunia kutoogopa. Kule Getsemani jasho lake lilikuwa kama matone ya damu (Lk 22:44). Petro alipochomoa upanga, aliamriwa kuurudisha alani (Yn 18:11). Na alipofundisha upendo ulio mkuu (Yn 15:13), alitaja uhai unaotolewa kwa ajili ya rafiki, silaha hakuitaja. Hata Mtakatifu Martino wa Tours, tunayemwadhimisha tarehe 11 Novemba, alikuwa askari wa Roma, lakini waamini wanamkumbuka kwa nusu ya joho aliyompa maskini.

Basi, katika nia za Misa za mwezi huu, tuwaweke wapagazi wasio na majina. Na mkipita mtaa wa Msimbazi mkakutana na kijana aliyeelemewa na mzigo begani, msimsukume. Mpisheni njia. Huyo ndiye mrithi wa waliolipa eneo letu jina lake.

Mungu awajalie marehemu wote pumziko la milele. Amina.