Hazina nne na watu waliotuandikia

Leo nimerudishiwa insha. Niliandika kwa mbwembwe, "Waselti wa kale waliamini kwamba..." Mwalimu kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika neno moja tu: Chanzo? Nilinuna mpaka jioni. Sasa nimetulia, na nakiri alikuwa sahihi.

Kwa asiyejua: visa vya Ayalandi vinasema Tuatha Dé Danann, watu wenye nguvu za kimiujiza, walisomea uchawi na maarifa visiwa vya kaskazini, kwenye miji minne, kila mji na mwalimu wake. Walipoondoka wakabeba hazina nne. Kutoka Falias, jiwe la Fál, lililopiga kelele chini ya kila mfalme wa Ayalandi. Kutoka Gorias, mkuki wa Lug. Mwenye nao hashindwi vita. Kutoka Findias, upanga wa Nuada. Ukishachomolewa, hakuna anayeponyoka. Na kutoka Murias, sufuria la Dagda, ambalo hakuna aliyeondoka kwake na njaa. (Hilo lingetufaa sana bumu likichelewa!)

Tamu, sivyo? Lakini nani katuambia? Cath Maige Tuired, kisa cha vita vyao, kina lugha ya karne ya 9 ndani yake, ila nakala yenyewe ni ya karne ya 16. Lebor Gabála Érenn, iliyokusanywa karne ya 11, inapita kwanza kwenye gharika ya Nuhu ndipo ifike kwa hawa jamaa. Yaani walioandika ni Wakristo, karne nyingi baada ya upagani.

Mwenzangu wa chumba anasema, basi tupa kule, watawa wameharibu kila kitu. Hapo ndipo nakataa. Bila wao tusingelijua hata jina la Murias. Waliyahifadhi mambo ambayo dini yao haikuyakubali, na hilo si jambo dogo. Ila tusijidanganye kwamba tunamsikia mpagani akiongea. Tunamsikia msomi Mkristo akikumbuka, akipanga, pengine akiongeza chumvi. Mimi hiyo miji minne yenye walimu inaninukia shule ya watawa kabisa!

Basi nimeanza insha upya: "Mwandishi wa zama za kati anasimulia kwamba..." Haina mbwembwe, lakini ni kweli. Acha nikalale, kesho kipindi saa moja.