Takaful Masasi na Newala: Kampuni Yetu Wenyewe, au Tuanzie Pengine?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi wa Oktoba, fedha huingia Masasi na Newala kwa miezi michache, kisha hukatika mpaka mwaka mwingine. Misiba haingoji msimu. Nyumba huungua mwezi wa Mei, bodaboda hugonga mtu mwezi wa Julai. Mkulima asiye na akiba hukimbilia kwa mnunuzi wa kangomba, anayemlipa leo kwa bei ya kutupa korosho ambazo bado ziko mtini. Serikali imeipiga marufuku kangomba, na msimu wa 2018 iliifuatilia kwa ukali, lakini shida inayoizaa haikuondoka.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa sana. Mwenye mikarafuu Pemba naye akibanwa hukodisha shamba kabla ya vuno, na faida yote huenda kwa mwingine.

Hapo ndipo linapokuja swali linalorudiwa kila mahali penye Waislamu: kwa nini tusianzishe kampuni yetu ya bima ya mali na ajali, isiyo na riba? Nia ni njema. Lakini nia haitoshi, na ni vyema tuyajue magumu kabla ya kuchangisha watu fedha zao.

Hukumu kwa ufupi

Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilitoa uamuzi kwamba bima ya biashara yenye ada maalumu ni haramu kwa sababu ya gharar kubwa iliyomo, na kwamba mbadala wake ni bima ya kusaidiana iliyojengwa juu ya tabarru'. Wanachama hutoa mchango kwa nia ya kusaidiana, mfuko ni wao, na msimamizi hulipwa ujira wake tu. Kikibaki kitu baada ya fidia, ni cha wanachama. Msingi wake tunaujua kutokana na hadithi ya Ash'ariyyun, waliokuwa wakipungukiwa chakula hukusanya walichonacho na kugawana sawa, na Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) akawasifu kwa hilo.

Kwa hiyo kiasili mlango uko wazi. Sudan ilianza mwaka 1979, Malaysia ikatunga sheria ya takaful mwaka 1984, na jirani zetu Kenya walitoa leseni kwa Takaful Insurance of Africa mwaka 2011. Ugumu uko katika kulisimamisha jambo lenyewe.

Mtaji na leseni

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inamtaka kila anayefanya biashara hiyo awe na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Kampuni inatakiwa kuwa na mtaji wa mabilioni ya shilingi, na bima za mali na ajali zitengwe na bima za maisha. Wanahitajika pia wataalamu wa hesabu za bima, ambao ni wachache nchini, na kwa takaful wanaongezeka masheikh wa bodi ya sharia wanaoijua biashara yenyewe. Kuuza ahadi ya fidia kwa umma bila leseni ni kosa, hata kama fedha zimekusanywa msikitini.

Masharti haya yasionekane ni uonevu. Aliyegongwa na gari mwaka huu huenda kesi yake ikaisha baada ya miaka kadhaa, na siku hiyo fedha lazima ziwepo. Mwenye kuchukua amana ya watu bila uwezo wa kuirudisha atajibu mbele ya Allah kabla ya kujibu mbele ya TIRA.

Wote kuangukiwa siku moja

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Tuchukue mfano: kaya 1,000 za Newala zinachanga shilingi 20,000 kila moja kwa mwaka. Hizo ni milioni 20. Ikiwa kujenga upya nyumba ya kawaida ni milioni 4, mfuko unaweza kuzisimamisha nyumba tano, nao umekwisha, bado gharama za uendeshaji.

Sasa tufikirie kimbunga. Mwezi wa Aprili 2019 watu wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu kimbunga Kenneth. Kilipita kaskazini ya Ngazija na kuwadhuru ndugu zetu wa Komoro, kisha kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Lau kingetua upande huu, wanachama wote wa mfuko wangedai siku moja. Vivyo hivyo ubwiriunga ukishika mikorosho, haushiki shamba la mtu mmoja.

Ndiyo maana kampuni za bima nazo hukata bima mtawanyo kwa kampuni kubwa zaidi. Kwetu hapo pana mtihani mwingine, kwa sababu bima mtawanyo ya kisharia ni adimu Afrika Mashariki. Baadhi ya wanavyuoni wameruhusu kutumia ya kawaida kwa haja, na kwa muda tu, lakini wanachama wana haki ya kuambiwa hilo waziwazi.

Akiba iwekwe wapi?

Bima ya kawaida huweka akiba yake kwenye hatifungani na amana zenye riba. Takaful haina njia hiyo. Alhamdulillah, hali inabadilika: Amana Bank ipo tangu 2011, na mwaka 2025 Serikali ya Zanzibar ilitoa sukuk. Bado njia ni chache.

Tabarru' si makato

Mkulima wa korosho huuza kupitia chama chake cha msingi (AMCOS) na mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo yake humfikia yakiwa yamepita katika makato kadhaa ambayo ameyalalamikia kwa miaka. Mchango wa takaful ukiingizwa kimyakimya kama kato jingine, hautakuwa tabarru'. Hiba haiwi hiba bila ya ridhaa ya mtoaji. Hapa fiqhi na biashara zinasema neno moja: asiyeridhia hatarudi mwakani.

Tuanzie wapi?

Rai yetu ni kwamba Masasi na Newala wasianze na kampuni. Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC), lililoanzishwa mwaka 1969, tayari limeingia katika takaful. Wanachama wa AMCOS wanaotaka wanaweza kuingia kama kundi chini ya mwendeshaji mwenye leseni, kwa taratibu za TIRA, wakichanga msimu wa mauzo wakati fedha iko mkononi. Hapo hatari ya Newala huchanganyika na ya Pemba, Mafia na Dar es Salaam, na msiba wa mahali pamoja haumalizi mfuko. Wafugaji wa Wajir, Kenya, walilipwa fidia ya ukame mwaka 2014 kwa mpango uliosimamiwa na kampuni yenye leseni, si kwa kila kijiji kuwa na kampuni yake.

Kabla ya kutoa mchango, muulize wakala mambo matatu: Je, mfuko wa wanachama umetengwa na mali ya kampuni? Ziada inakwenda kwa nani? Na masheikh wa bodi ni akina nani? Asiyekujibu, usimpe fedha yako.

Na mpaka huo mlango ufunguke kwa mkulima wa uwandani, zaka na sadaka zetu zimfikie aliyeunguliwa na nyumba kabla ya mnunuzi wa kangomba kumfikia.

Wallahu a'lam.